Theodory wa Nani

Ukoo ulipokata shauri la kumfuta Theodory, wa kwanza kuinua mkono alikuwa dada yake wa tumbo moja, Epifania. Hakungoja wazee wamalize kutazamana. Aliuinua juu kabisa, na waliokaa nyuma kwenye mabenchi ya kukodi waligeuka kumwangalia, maana kwa kawaida mtu hutetewa na wa kwao hata akiwa ameua.

Ilikuwa mwisho wa Desemba, mwaka 2003, wiki ile ambayo Wachagga wote hurudi nyumbani na Dar es Salaam ikapata kupumua. Mkutano ulikaa uani kwa Eliamini, mwalimu mstaafu na mwenyekiti wa ukoo, huko juu ya Mkuu, Rombo. Mbege, ile pombe ya ndizi, ilikuwapo, nyama ilikuwapo, lakini watu walikunywa kama wanaokunywa dawa. Kosa la Theodory lilikuwa moja na halikuhitaji shahidi. Alikuwa ameuza kihamba cha baba yake.

Asiyetoka kule atasema shamba ni shamba, kuna nini cha kuitia ukoo. Kihamba si shamba. Ni migomba na kahawa alizoacha babu, ni nyumba ya mama, na chini ya migomba hiyo ndimo walimolala wafu. Mathayo, mdogo wake Eliamini na baba yao Theodory na Epifania, alikuwa amelala humo. Kahawa ilipokosa bei mpaka watu wakaanza kuing'oa na kupanda nyanya, Theodory, mtoto pekee wa kiume, alikiuza kihamba chote, kaburi likiwa ndani yake, kwa mfanyabiashara wa Holili mpakani. Mama yao, Lukresia, alijua siku wapimaji walipoingia na kamba wakakanyaga maharage yake. Mnunuzi alifyeka migomba, akang'oa na masale, mimea iliyooteshwa kuwa mpaka, akamwaga zege apate pa kuegesha malori. Zege halikulikwepa kaburi. Theodory naye akatokomea. Wengine walisema ni pombe, wengine wakasema ana mwanamke Taveta, wengine eti magendo yamemfilisi. Kumuuliza mwenyewe, hakuna aliyemuuliza.

Mama Lukresia sasa aliishi na Epifania kwenye chumba cha kupanga Kiboriloni, pembeni mwa mji wa Moshi, ambako alfajiri huletwa na kelele za wachuuzi wakigombania mahali pa kutandika mitumba. Mwanamke aliyezoea kukata mkungu kwa panga lake mwenyewe sasa alinunua ndizi kwa fungu. Hakulalamika, na kule kutolalamika kulimchoma Epifania kuliko ambavyo angechomwa na matusi. Ndiyo maana mkono uliinuka upesi.

"Asitajwe tena," alisema Eliamini siku hiyo, amesimama, kofia mkononi. "Kwenye historia ya ukoo, kila palipo na jina lake paandikwe Aliyeuza. Wajukuu wakisoma wajue kulikuwa na mtu na wajue alifanya nini. Na asiyekuwamo kwenye historia ya ukoo hana shimo kwenye ardhi ya ukoo."

Hapo hata walevi waliweka vikombe chini. Kuambiwa utazikwa na manispaa, kwenye safu na watu usiowajua, ni laana ambayo Mchagga humwombea adui yake tu, tena adui wa kweli.

Mama Lukresia hakuwa mkutanoni kwa sababu ya miguu yake, na Epifania aliporudi hakumweleza. Alisema mkutano umekwenda vizuri. Mama aliuliza kile alichouliza kila jioni tangu wahamie mjini.

"Theo wangu hamkusikia habari zake?"

"Hatukusikia, mama."

"Siku akija, nitamlaza wapi humu?" akasema mama, akitazama kuta nne za chumba. Hakuwa na haja nyingine duniani. Alitaka mwanawe arudi, na siku ya kufa azikwe kwa watu wake.

Historia yenyewe ilikaa mikononi mwa Epifania. Alifanya kazi kwenye intaneti kafe moja karibu na stendi ya Moshi, na kwa miaka kadhaa Gerson, katibu wa ukoo, alikuwa akimletea disketi za masimulizi aliyoyachapa kutoka vinywani mwa wazee, hasa shangazi Mektrida kabla hajafa. Kila nyumba ilikuwa na faili lake, kila tukio kubwa faili lake, na yote Epifania aliyaweka kwenye folda moja. Kuyatunza aliyatunza vizuri. Kuyasoma hakuyasoma. Kijana gani husoma habari za ukoo wake wakati wazee wapo wa kuzirudia kila Krismasi, utake usitake?

Januari Eliamini alishuka Moshi kushuhudia kazi. Alivaa koti lake la zamani la kufundishia, akakalia kiti cha plastiki nyuma ya Epifania, magoti yamebana.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Mama yako hajambo?"

"Hajambo. Ni miguu tu."

"Mpe pole. Haya, tufanye lililonileta. Itachukua siku ngapi? Mke wangu nimemuaga kabisa, nimemwambia huenda nikalala."

Epifania alicheka kidogo. Alimweleza kwamba mafaili ni mengi kweli, lakini mashine ile ina namna ya kuagizwa kwa maandishi. Unaandika amri ya mstari mmoja, inapita ndani ya kila faili, na kila inapolikuta neno ulilolitaja inaling'oa na kupachika lingine. Haichoki, hairuki ukurasa. Kijana aliyekuja kuifunga mashine hiyo ndiye aliyemfundisha, na wateja wa kafe waliokuwa wakihangaika na kipanya walimwona Epifania mchawi.

Kwanza aliiagiza itafute tu, bila kugusa kitu. Akaandika grep Theodory *.txt, na papo hapo mistari ikaanza kupanda kwenye kioo cheusi, mingi, kwa kasi, jina likitokea na kupotelea juu.

"Kote huko ni yeye?" Eliamini aliuliza.

"Ni yeye."

Alijibu bila kusoma hata mstari mmoja. Aliona jina tu, na kila lilipopita alizidi kuchemka. Alivyojaa humu, alijisemea, alivyojitandaza kila mahali, na mama yake ananunua ndizi kwa fungu. Siku zote Epifania alikuwa mtu wa kupitia jambo mara mbili, hata wenzake walimtania kwamba akifunga mlango humuuliza mlango kama umefungwa. Lakini hasira hasara, na siku hiyo alikuwa na hasira na tena alikuwa na mtazamaji. Akaandika:

sed -i 's/Theodory/Aliyeuza/g' *.txt

"Hapo nimeiambia, popote penye Theodory weka Aliyeuza, usibakize."

"Basi bonyeza."

Akabonyeza. Mashine haikusema kitu. Mstari mpya ulijitokeza chini, mtupu, ukisubiri amri nyingine.

"Imekataa?"

"Imemaliza, baba mkubwa."

Eliamini alikitazama kioo kwa muda. Alikuwa amejiandaa kwa kazi ya siku mbili na sasa hakujua aiweke wapi mikono yake. "Kumlea mtu miaka yote ile," alisema, "halafu hivyo tu." Epifania akamchapishia historia nzima, akaitia kwenye mfuko wa rambo, na mzee akaondoka nayo kuwahi basi la Mkuu.

Siku chache baadaye simu ya kafe ililia. Ilikuwa asubuhi, wateja wawili tu ndani, na Epifania aliipokea mwenyewe. Sauti ilikuwa ya mwanamke, na nyuma yake zilisikika honi za malori.

"Hapo ni kwenye kompyuta, Moshi? Namtafuta Epifania, dada yake Theodory wa Mathayo. Nakupigia kutoka Holili. Kaka huyu amepanga jirani na mimi, anaumwa, na hali si nzuri. Anaomba dada yake afike."

Epifania aliushika mkono wa simu kwa nguvu. Aliliona zege. Aliyaona maharage ya mama yamelala chini.

"Hapa hakuna mtu wa Theodory," alisema.

"Lakini namba amenipa yeye mwenyewe, anaijua kwa kichwa."

"Umekosea namba, dada."

Akaiweka simu chini. Akajiambia ni hasira, na kwa kweli nyingi ilikuwa hasira. Ile nyingine hakuipa jina. Jioni mama aliuliza swali lake, na Epifania akajibu jibu lake, kisha akala haraka na kugeukia ukutani.

Wiki iliyofuata haikuisha kabla Eliamini hajasimama tena mlangoni pa kafe, safari hii bila koti. Hakungoja shikamoo. Aliutoa mfuko wa rambo, akaweka karatasi mezani, akagusa mstari aliokuwa ameupigia kalamu nyekundu ya mwalimu.

"Soma."

Epifania akasoma. Aliyeuza, mwana wa kwanza wa Eliamini, alifariki akiwa darasa la sita, akazikwa kihambani kwa baba yake.

"Mwanangu hakuuza hata yai," alisema Eliamini. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Hakufikia umri wa kuuza kitu. Mke wangu Bernadetha ndiye aliyeanza kusoma, nilimpa mimi mwenyewe asome. Tangu juzi hajanisemesha."

Akageuza ukurasa. Aliyeuza ndiye aliyefika kwanza kwenye kihamba hiki, akafyeka pori, akachimba mfereji, akapanda kahawa. Huyo alikuwa babu, chimbuko lao wote. Na kila alipotajwa Lukresia, ambaye tangu ajifungue hakuna aliyemwita ila kwa jina la mwanawe wa kwanza, karatasi sasa zilimwita Mama Aliyeuza.

Epifania alielewa kosa lake. Uchagani mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na babu yao alibatizwa Theodory. Eliamini alimwita kifungua mimba wake Theodory, Mathayo akamwita wake Theodory, na ndugu zao wengine hawakuachwa nyuma. Ukoo mzima umejaa Theodory. Mgeni yeyote angeuliza, Theodory wa nani? Wao hawakuuliza, kwa sababu babu hakuitwa jina lake kamwe. Wajukuu walimwita Meku, na wakwe zake wasingelitamka jina la baba mkwe hata kwa kuchapwa. Na yule mtoto wa Eliamini, tangu alipofariki, nyumbani kwao alikuwa "yule mtoto" tu, kwa sababu jina lilimwumiza mama yake. Vinywani mwa watu jina lilikuwa limebaki kwa mtu mmoja. Kwenye maandishi walikuwamo wote.

"Naweza kuwarudisha," Epifania alisema. "Ni mstari uleule, naugeuza tu. Lakini mashine haijui watu, baba mkubwa. Inajua herufi. Watarudi wote kwa pamoja."

"Na yeye?"

"Na yeye."

Eliamini alitikisa kichwa. Alikuwa amefundisha miaka mingi na hakuzoea kufuta alichokwisha kuandika ubaoni. "Tuliamua mbele ya watu. Usimrudishe hata kwa saa moja. Tutawatoa wetu mmoja mmoja kwa mkono, yeye tumwache humohumo."

Basi wakaanza. Mzee alilala kwa jamaa yake hapo mjini, na kila asubuhi alikuja na kukalia kiti chake cha plastiki. Epifania alifungua faili, akasoma kwa sauti ya chini, na Eliamini akatoa hukumu. Huyu ni babu, mrudishe. Huyu ni mwanangu, mrudishe. Huyu ni yule, mwache. Na kwa njia hiyo Epifania, kwa mara ya kwanza, akaisoma historia ya ukoo wake.

Hakuipenda. Kwanza ilikuwa na sauti ya shangazi Mektrida, ambaye maneno yake Gerson aliyachapa kama alivyoyasema, na marehemu alikuwa msemaji mkali asiyeficha kitu. Kisha ilikuwa na mambo ambayo Epifania hakuambiwa. Walifika mahali palipoandikwa: Mathayo hakuwa na uwezo wa kusomesha wawili, Aliyeuza akaacha shule ili mdogo wake wa kike aendelee, akakatazwa kusema, ikasemwa amefeli.

Epifania alisimamisha kidole. Maisha yake yote alijua kaka yake alifeli. Aliwahi hata kumcheka.

"Huyu ni yule," alisema Eliamini taratibu. "Mwache."

Akamwacha. Lakini tangu hapo alisoma kwa shida, na mara mbili ilibidi mzee amkumbushe aendelee. Alitaka kumwambia kuhusu ile simu. Kila alipofungua mdomo alitoka na jambo jingine, chai, au mvua, au basi.

Walikuwa wamebakiza mafaili machache walipofikia mwaka wa homa ya uti wa mgongo. Epifania alianza kusoma kabla hajaona anakokwenda.

"Mvua ilikuwa kubwa na gari la misheni lilikwama. Watu wazima walikuwa mazishini kijiji cha pili. Aliyeuza alimbeba Aliyeuza mgongoni mpaka hospitali ya misheni, akarudi peke yake."

Akaondoa mikono kwenye kibodi. Nje mpiga debe alikuwa akiita abiria wa Himo.

"Rudia," alisema Eliamini.

Akarudia. Mzee aliinama, akakikaribia kioo mpaka miwani yake ikawa na mwanga wa maandishi. Shangazi Mektrida alikuwa amesema Theodory alimbeba Theodory, kwa kuwa kila aliyekaa pale jikoni kwake alijua ni nani na nani. Sasa hapakuwa na mmoja wala wa pili.

"Wa mgongoni ni wangu," alisema Eliamini. "Mrudishe."

Epifania akafuta neno la pili, akaandika jina. Akasoma ilivyokuwa sasa, kwa kuwa ndivyo walivyokubaliana, kusoma kila wanaporekebisha. "Aliyeuza alimbeba Theodory mgongoni mpaka hospitali ya misheni, akarudi peke yake."

Eliamini alivua miwani. Alizungumza bila kumtazama.

"Nilikuwa Dodoma kwenye semina ya walimu. Niliporudi walikuwa wameshamlaza, nikakuta udongo tu. Sikuwahi kumuuliza yule mwingine alimbebaje. Ni mlima ule wote, na tope lile. Naye alikuwa mtoto, walikuwa rika moja. Alinikwepa mwaka mzima, nami nikadhani hana adabu."

"Baba mkubwa."

"Siwezi kumwacha mwanangu mgongoni kwa mtu asiye na jina. Warudishe wote, Epi."

Akaandika mstari uleule, maneno yamebadilishana nafasi. Akabonyeza. Mashine haikusema kitu, kama ambavyo haikusema mara ya kwanza, na babu akarudi, na yule mtoto akarudi, na Mama Theodory akarudi, na Theodory wa Mathayo akarudi pamoja nao. Epifania aliangua kilio palepale kwenye kibodi na wateja wakajifanya wanasoma barua pepe zao.

"Yuko wapi?" aliuliza Eliamini.

"Holili. Nilisikia anaumwa."

"Nani alikuambia?"

"Mtu alipiga simu," alisema Epifania, na akaishia hapo. Mzee hakumhoji. Pengine alidhani simu ilikuwa ya jana.

"Kesho tunamfuata. Hata akiwa wa kubebwa. Akifa atazikwa kwangu, karibu na mwenzake, na wa ukoo wakiniuliza nitawajibu mimi."

Jioni hiyo Epifania alipomwambia mama, Lukresia hakulia wala kushangilia. Alimtuma mtoto wa jirani mifupa ya supu, akamenya ndizi mshare mwenyewe, akasema mgonjwa hawezi kula kitu kizito, atampikia mtori. Kisha akaanza kusogeza vitu chumbani, kidogo kidogo, akiegemea ukuta kwa ajili ya miguu yake, mpaka ikapatikana nafasi ya godoro.

Asubuhi walipanda pikapu ya kukodi, godoro na blanketi nyuma. Kutoka Himo nchi inashuka na kukauka, migomba inaisha, unabaki na vumbi na miiba, na Holili wakakuta malori yamepanga foleni kwenye geti la mpaka. Waliulizia kwenye vibanda vya simu. Cha tatu kilikuwa cha mwanamke mnene mwenye kanga kiunoni, Elifuraha, aliyepika pia chai na maandazi kwa madereva. Eliamini alimtaja wanayemtafuta. Mwanamke aliweka chini sufuria.

"Mmechelewa, mzee. Tulimzika Jumanne. Majirani tu, na katekista alikuja kutusalia. Tulidhani hakuna ndugu wa kuja."

Aliwaongoza nyuma ya nyumba za kupanga mpaka kwenye uwanja wa kijiji uliokuwa na matuta machache, kila moja na msalaba wa mbao za kreti. Lake lilikuwa la mwisho, udongo bado mbichi. Eliamini alivua kofia akaenda mpaka ukingoni, akapiga goti moja kwa taabu, akaanza kusali kwa Kichagga.

Epifania alibaki nyuma na yule mwanamke. Akamuuliza: "Alisema nini? Mwisho mwisho."

Elifuraha aligeuka akamwangalia usoni. Alimwangalia kwa muda, na Epifania akajua ameitambua sauti.

"Ni wewe niliyeongea naye," alisema Elifuraha. Hakupandisha sauti. "Sikumwambia ulivyonijibu. Ningemwambiaje mgonjwa? Nilimwambia simu haikupokelewa. Basi kila asubuhi akawa ananiambia, dada, jaribu tena, leo atakuwa ameingia kazini mapema. Nami natoka, nakaa kibandani nakunywa chai, kisha narudi namwambia bado haijapokelewa. Alisema wewe una kazi nyingi sana. Alisema wewe ndiwe uliyeiweza shule."

Epifania aligeukia kaburini. Kulikuwa na upepo wa vumbi, na ule msalaba wa kreti ulikuwa na chapa ya soda iliyofutika nusu. Maji yakimwagika hayazoleki. Huo msemo aliujua tangu utotoni na hakuwahi kuusikia mpaka siku hiyo.

Wakapanda pikapu wakarudi. Godoro liliruka ruka nyuma kwenye kila shimo, na Eliamini alisema mara moja tu kwamba atazungumza na serikali ya kijiji wapate kumhamisha, kisha akasema mambo hayo huchukua muda. Walipoingia Kiboriloni soko lilikuwa linafungwa.

Mama Lukresia alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya mlango, amejifunga kitenge chake cha kanisani. Jiko la mkaa lilikuwa mbele yake na sufuria ya mtori juu yake. Aliiona pikapu ikisimama. Alimwona Eliamini akishuka, akamwona Epifania akishuka, akaendelea kutazama nyuma kwenye godoro, mpaka akaelewa hakuna mtu mwingine wa kushuka.

Eliamini ndiye aliyempa habari, kama inavyompasa mkubwa wa familia. Alimwambia kwa upole, kwa Kichagga, ameushika mkono wake. Mama alisikiliza kichwa kikiwa chini. Majirani wa kike walianza kusogea wakiwa wamejishika vichwa.

Baadaye, wengine walipoingia ndani kutafuta mahali pa kukaa, alimwita binti yake karibu.

"Wewe uliongea na watu wa kule. Alitutafuta? Katika ugonjwa wake huo, alituma hata neno?"

Epifania alimtazama mama yake. Kusema ndiyo kulikuwa na swali la pili nyuma yake, neno hilo alilipokea nani, na swali hilo lilikuwa na jibu moja tu.

"Hapana, mama," alisema. "Hakutuma."

Mama Lukresia aliitikia kwa kichwa taratibu. Hakuonekana kushangaa. Alionekana kama mtu aliyekuwa akilingoja jambo hilo kwa muda mrefu akitumaini asiambiwe.

"Basi mwanangu alikufa amenisahau," alisema, akainama, akaiepua sufuria ya mtori motoni.